Kuokoa kampuni ya magari: nani aumie kwanza?

Kampuni kubwa ya magari ikiyumba, ubishi ni uleule: serikali iibebe kwa kodi za wananchi, au iiache ife? Hapa Tanga hatuundi magari, lakini habari ya kiwanda kufungwa na mji kupooza hatuhitaji kusimuliwa.

Novemba 2008 wakuu wa kampuni za magari za Marekani, General Motors (GM), Chrysler na Ford, walikwenda Washington kuomba msaada, kila mmoja na ndege yake ya kifahari. Ombaomba wa namna hiyo hapa kwetu mtaa wa Ngamiani asingepata hata mia. Hata hivyo Desemba Rais George W. Bush aliidhinisha mkopo wa dola bilioni 17.4 kwa GM na Chrysler, na serikali ya Obama ikaongeza hadi jumla ikafika kama bilioni 80. Hesabu zilipofungwa, karibu bilioni 10 hazikurudi.

Wanaopinga wana hoja nzito. Mwenye duka la spea mtaji ukikata anafunga mlango na kurudi kijijini. Hakuna waziri anayemfuata. Kwa nini aliyekopa mabilioni na kuunda magari yasiyouzika ahurumiwe? Akishajua atabebwa, kesho atacheza kamari zaidi.

Lakini Ford, ambayo haikuchukua fedha hizo, iliunga mkono wapinzani wake wasaidiwe. Haikuwa huruma. Wanaotengeneza breki, viti na nyaya za umeme waliziuzia kampuni zote tatu. GM ikianguka ghafla, mtengeneza viti naye anafilisika, na Ford inabaki na mabodi yasiyo na viti. Tena ilikuwa wakati benki zenyewe zimekauka; hata mnunuzi mwenye nia asingepata mkopo wa kuichukua GM.

Mimi naelemea upande wa kuokoa, ila kwa masharti ya GM: Juni 2009 ilipitishwa mahakamani kama mufilisi, wenye hisa wa zamani wakapoteza karibu kila kitu, mkurugenzi mkuu akawa ameshaondolewa, na chapa kama Pontiac na Saturn zikazikwa. Walioumia kwanza walikuwa wenye mali. Bila hilo, ni sadaka kwa matajiri.

Na kuna magonjwa ambayo fedha haiyatibu. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza kazi 1972, kilitegemea malighafi kutoka nje. Kila shilingi iliposhuka, gharama zilipanda, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikafungwa. Mkonge nao ulitaifishwa kwa sehemu kubwa mwaka 1967, wakati kamba za plastiki zilikuwa tayari zinaubana sokoni. Serikali kushika mashamba hakukumrudisha mnunuzi aliyehamia kwenye nailoni. Kwa hiyo kabla ya kutoa senti lazima ijulikane: kampuni imekwama kwa dhoruba ya muda, au bidhaa yake haitakiwi tena?

Uingereza ilipata majibu yote mawili ndani ya kampuni moja. Mwaka 1975 serikali iliichukua British Leyland na kuimwagia fedha miaka mingi. Humo ndani kulikuwa na Land Rover, zile za modeli ya 109 zilizopandisha watu na magunia ya viazi kutoka Mombo kwenda Lushoto, zenye wateja dunia nzima. Hiyo iliuzwa na kuuzwa tena, na leo iko hai mikononi mwa Tata ya India. Magari madogo ya Rover yaliendelea kukosa soko, mpaka 2005 kiwanda chake cha Longbridge kikaanguka na watu kama 6,000 wakakosa kazi, huku vigogo wachache wakiwa wameshajichotea mishahara na mafao ya pauni milioni 42. Safari hiyo serikali ilitoa pauni milioni 6.5 za kulipa mishahara ya wiki moja, ikaishia hapo. Naona ilifanya sawa, ijapokuwa ni rahisi kwangu kusema hivyo. Ada za wanangu hazikuwa zinatoka Longbridge.