Msemo wa Kilatini urudishwe kwanza kwenye sentensi yake

Kamusi peke yake haitoshi kumpa mtu maana ya msemo wa Kilatini. Kazi inaanza kwenye mwisho wa kila neno, na haijakamilika mpaka msemo urudishwe kwenye sentensi ulikonyofolewa.

Hiyo hatua ya kwanza haipaswi kumtisha anayejua Kiswahili. Upatanisho tumeuzoea: kiti kizuri, viti vizuri. Kilatini nacho hupatanisha maneno, ila alama zake nyingi hukaa mwishoni. Canis puerum mordet ni mbwa anamuuma mvulana. Ukisema puerum canis mordet, mvulana ametangulia lakini bado ndiye anayeumwa, kwa sababu ya ile m ya mwisho.

Sasa chukua mens sana in corpore sano. Sana inapatana na mens, akili. Sano inapatana na corpore, mwili. Akili timamu katika mwili wenye afya. Wengi huishia hapo, kisha wanaugeuza kuwa kanuni: imarisha mwili, akili itafuata. Lakini kitenzi kiko wapi? Kila ninapokutana na msemo usio na kitenzi, hilo ndilo swali langu la kwanza, maana mara nyingi kilichokatwa ndicho kilichobeba maana.

Kitenzi kimo kwa Juvenal, mshairi wa Roma wa karne ya 2, katika shairi la 10 la tashtiti zake, yaani mashairi yake ya kukejeli: orandum est ut sit mens sana in corpore sano. Orandum est, yaani inapasa kuomba. Na sit haisemi "ipo", inasema "iwepo". Kumbe ni dua! Shairi zima linahusu watu wanaoiomba miungu mambo yatakayowaangamiza. Sejanus, mkuu wa walinzi wa mtawala wa Roma, alitaka madaraka, yakamwangusha. Ufasaha wa Cicero, msemaji wa Roma, na Demosthenes, msemaji wa Ugiriki, ndio uliowaponza. Priam, mfalme wa Troya katika hadithi za Kigiriki, alijaliwa umri mrefu, akaishi hadi kuuona mji wake ukiteketea. Baada ya hayo yote Juvenal anasema, kama ni lazima uombe kitu, omba akili timamu na mwili wenye afya, kisha anaongeza moyo shupavu usioogopa kifo. Hasemi popote kwamba mwili huizaa akili.

Cui bono nayo huponza wengi, kwa kuwa bono hufanana na neno la "kizuri". Hapa viishio vinatosha: maneno yote mawili yako katika hali ya kutendewa (dative), inayoonyesha jambo ni kwa ajili ya nani au nini, kwa hiyo swali ni "ilikuwa faida kwa nani?" Cicero alilitumia mahakamani mwaka 80 KK akimtetea Roscius, aliyeshtakiwa kwa kumuua baba yake, na akasema wazi kwamba lilikuwa swali la hakimu Lucius Cassius.

Najua misemo hupata maana mpya ikisafiri, na sina ugomvi na hilo. Anayetaka kuhimiza mazoezi kwa maneno mens sana in corpore sano ayatumie, ila asiandike jina la Juvenal chini yake.