Kaniuliza habari za Kaole, nikanyamaza

Wana-Bagamoyo wenzangu, mwaka wa sita huu nipo Gulu, huku Uganda, na leo nina jambo linanikaa kooni. Wiki iliyopita ofisi ilitupeleka Kampala kwenye semina ya mambo ya stoo na mizigo, siku nne tumefungiwa ukumbini, ya tano tukaambiwa leo mnatembezwa Kasubi kwenye makaburi ya Makabaka, wafalme wa Buganda, halafu Namugongo. Nilitaka kubaki nilale. Namshukuru Mungu sikubaki.

Pale getini, kwenye nyumba wanayoiita Bujjabukula, kijana anayetembeza wageni akamuuliza kila mtu katokea wapi. Nikasema Bagamoyo. Akaacha Kiingereza akaja na Kiswahili cha kuungaunga, akasema kumbe umetoka kule njia ilikoanzia, na akaanza kunihadithia: misafara ya kutoka pwani, nguo na shanga na bunduki zilivyofika kwa Kabaka Muteesa wa Kwanza, Muteesa huyo alivyofunga Ramadhani na kuongea Kiswahili, mapadre Wakatoliki waliopita Bagamoyo 1878 wakafika Buganda 1879. Kisha akanigeukia, eti yale makaburi ya Kaole yenye nguzo ni ya akina nani?

Nikanyamaza. Mimi niliyezaliwa Bagamoyo, yale magofu ya kale ya Kaole kwetu ni mwendo wa baiskeli tu! Nimeingia mara moja tu, darasa la tano, tukapiga picha kwenye mbuyu tukarudi.

Na dereva wetu, Mganda wa ukoo wa Ngeye, alikuwa anatuonyesha paa la nyasi la nyumba kubwa kama mtu anayeonyesha nyumba ya baba yake, maana kuezeka pale ni kazi ya Ngeye, kupamba ni ya ukoo wa Ngo, na ndani darini kuna pete 52 kwa ajili ya koo za Buganda. Makabaka wanne wamelala pale na kila Mganda ana mahali pake pa kushika. Namugongo nako hivyo hivyo, mtu anakutajia mashahidi wa 1886, Wakristo waliouawa kwa imani yao, kama anataja wajomba zake.

Najua mtakavyosema. Huyu kala matoke miaka sita kajiona bora. Hapana jamani, sijamdharau mtu, hasira yangu ni kwamba nyumba ile ya Kasubi ilijengwa 1882 na wakati huo misikiti ya Kaole ilikuwa magofu ya karne na karne! Sisi tuna mawe ya matumbawe, tuna makaburi ya watu waliosali kabla Mreno hajaijua bahari yetu. Tumewazidi kwa umri, wametuzidi kwa kujua.

Mwingine ataniambia Kasubi si iliungua. Ndiyo, tarehe 16 Machi 2010, UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini hadi 2023. Lakini watu walilia barabarani, halafu wakachanga, mtu na elfu yake, mchango wakauita Ettoffali, ambalo ni neno letu tofali lile lile. Kaole ukuta ukianguka leo nani analia? Tunangoja wahusika waje, mnawajua wahusika na mnajua wanavyokuja.

Na yule atakayesema wao wana mfalme sisi hatuna, huyo ndiye ananichosha kabisa. Mfalme haezeki nyumba, anaezeka Ngeye! Na sisi mama zetu si wanakwenda mpaka leo kwenye kaburi la Sharifa pale Kaole kuomba na kuweka nadhiri? Mapenzi yapo. Ila ukimuuliza mtoto Sharifa alikuwa nani, anakuangalia tu, na asimulizwe na nani wakati hata mimi mtu mzima sijui.

Basi usiku ule kutoka hotelini nikampigia shangazi. Hakuna salamu ndefu, nikamuuliza Sharifa wa Kaole ni nani. Kimya. Akasema babu yenu alikuwa anaisimulia hiyo kila maulidi, nyie mnakimbilia mpira. Ya kwake anakumbuka nusu, nusu nyingine anayo mzee mmoja wa msikitini, atamfuata Ijumaa baada ya swala na nisipige kabla ya saa tisa.

Leo Alhamisi. Daftari nimeshanunua.