Semina ya siku nzima au dakika tano za kila wiki?

Anayehuisha leseni ya ukunga hudaiwa pointi za mafunzo endelevu, na njia iliyozoeleka ya kuzipata ni semina. Baraza la uuguzi na ukunga linapenda hivyo kwa sababu cheti ni rahisi kukagua: kipo au hakipo. Kwa kazi ya mikono, hasa kumsaidia mtoto mchanga kupumua kwa ambu (mfuko wa kubonyeza wenye barakoa, wa kusukumia hewa mapafuni), kipimo hicho kinatia shaka.

Mwaka 2010 watumishi wa Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, walipewa mafunzo ya siku moja ya Helping Babies Breathe, kozi ya kuwasaidia watoto wachanga wasiopumua. Miezi saba baadaye walikuwa hodari zaidi kwenye mdoli wa mazoezi, lakini leba utendaji haukubadilika. Mwaka uliofuata likaanza zoezi la dakika 3 hadi 5 kila wiki, hapo hapo wodini, na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Vifo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Ni hospitali moja, kabla na baada, kwa hiyo tusiikuze kupita kiasi.

Ila makosa yenyewe yanaeleza mengi. Mtoto asiyepumua anatakiwa awe ameanza kupewa hewa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Kinachotokea ni mkunga kufyonza ute muda mrefu mno, barakoa ya ambu kuvuja upande wa kidevu cha mtoto, au shingo kubaki imekunjwa. Kifua kisipopanda: weka barakoa upya, rekebisha kichwa, safisha njia ya hewa, fungua mdomo kidogo, kisha bonyeza ambu kwa nguvu zaidi. Hayo karibu wote wanayajibu kwenye karatasi. Mikono ndiyo inayosahau.

Wanaotetea semina wana hoja nzito. Mafunzo yale yale ya Helping Babies Breathe yalipopelekwa katika hospitali 8 za Tanzania, vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa 1,000. Tena mwongozo mpya wa matibabu haufundishiki kwa dakika tano, na kwenye zahanati yenye mkunga mmoja usiku, nani atamsahihisha?

Hata hivyo, sehemu ya pointi za leseni ingetoka kazini: daftari la wodi lenye tarehe, kosa lililoonekana na sahihi ya msimamizi. Daftari nalo hujazwa la mwezi mzima kwa kalamu moja, tunajuana. Basi msimamizi wa wilaya akifika aliache mezani, ampe mkunga ambu na mdoli, ashike saa.