Picha ya sherehe ni ya nani?

Wazanzibari wenzangu, sherehe zetu zimepigwa picha nyingi mno, na nyingi zimeondoka na wageni. Hilo huniuma kila ninapotazama kazi za Hiroshige, mchoraji wa Kijapani wa karne ya kumi na tisa, hapa Tokyo.

Mwaka 1856, miezi michache baada ya tetemeko kuuharibu mji huu, ambao enzi hizo ukiitwa Edo, alianza mfululizo wa picha za mandhari yake zilizochapwa kwa vibao vya mbao. Katika ile ya Tanabata, sherehe ya nyota, ya 1857, mianzi imesimama juu ya mapaa, na kati ya karatasi zinazopepea zinaning'inia abakasi, daftari la hesabu na kipande cha tikiti maji. Unajua papo hapo kuwa ni mtaa wa wafanyabiashara. Nyingine ya mwaka huohuo ndiyo naipenda zaidi. Paka mweupe amekaa dirishani, katika chumba cha danguro la Yoshiwara, mtaa wa makahaba wa Edo. Kule mbali, kwenye mashamba ya mpunga, umati unakwenda kwenye sherehe ya Tori no Machi. Mwenye chumba haonekani. Pini za nywele zenye umbo la reki, kumbukumbu ya sherehe hiyo, ziko sakafuni. Hiyo ni sherehe ionwavyo na mwenyeji, hata aliyebaki kazini siku yenyewe.

Picha moja ilipita kwa mchoraji, mchongaji wa mbao za mcheri, mpiga chapa na mchapishaji mwenye mtaji. Bado bei yake ilikaribia ile ya bakuli la tambi, kwa hiyo hata seremala aliimudu.

Kwetu, ingia maduka ya Mji Mkongwe: michoro ya Tingatinga ya tembo na twiga, bei kwa dola. Mafundi siwalaumu, wanamchorea anayenunua. Lakini Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, watu wakipigana kwa migomba, kibanda cha makuti kikiwaka, akina mama wakiimba, sijauona umetundikwa sebuleni kwa mtu wa Makunduchi.

Na kanga tunazo! Chapa nafuu, yenye maneno yetu, mama anainunua kwa pesa yake. Leo picha halisi za Hiroshige zinafichwa mwanga makumbusho zisififie. Kanga bado iko sokoni. Mchoraji wa Makunduchi apewe nafasi: kibanda kinachowaka kwenye mji, yaani katikati ya kanga, na migomba kwenye pindo. Iuzwe Makunduchi kwanza, kwa bei ya kanga nyingine yoyote.