Koo la pumzi la mtoto: kusubiri au kupasua?

Mtoto wa Pemba anateremka kilima na baskeli, kamba ya ng'ombe imekatiza njia, inamnasa shingoni. Au anaangukia usukani. Akiinuliwa ana mchubuko tu, na watu wazima wanamshukuru Mungu hakuvunjika kitu. Hapo ndipo ninapoingiwa na hofu. Gegedu la koo la pumzi la mtoto, ule mfupa mwororo unaolishikilia, ni laini, linabonyea na kurudi. Ndani linaweza kuwa limechanika na ngozi ya juu ikawa nzima.

Sauti hukauka, pumzi hukoroma, pengine hukohoa damu. Dalili nyingine mama huigundua kwa vidole: shingo imejaa, na ukiibonyeza juu ya mtulinga inachakacha kama majani makavu. Hiyo ni hewa iliyotoroka njiani mwake. Eksirei huionesha, lakini mpasuko wenyewe huonekana vyema kwa kamera nyembamba inayopitishwa kooni, mtoto akiwa amepewa nusu kaputi.

Ukishaonekana, madaktari hugawanyika. Wako wanaosema mpasuko mdogo uachwe upone wenyewe, mtoto apewe oksijeni na antibayotiki. Nakubaliana nao kwa mtoto anayepumua vizuri, maana upasuaji nao huacha kovu, na kovu hubana koo ambalo tangu hapo ni jembamba. Wengine hutaka kushona mapema. Mpasuko ukiwa mkubwa na hewa haikomi kuvuja, haki iko kwao.

Ila kusubiri ni kazi. Kunataka jicho la kumtazama usiku kucha, mtaalamu wa nusu kaputi, na mpasuaji wa kuitwa saa yoyote. Kwa mtoto mchanga mwenye njia ya pumzi yenye upana wa milimita 4, uvimbe wa milimita 1 pande zote huziba robo tatu ya nafasi. Pasipo watu hao, bora apelekwe hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au Muhimbili, Dar es Salaam, mapema, angali anapumua mwenyewe.

Safari nayo ina hatari yake. Boti ni saa kadhaa baharini. Ndege ndogo ni ya haraka, lakini hewa iliyonaswa kifuani hutanuka ndege ikipanda, ikalibana pafu. Lazima itolewe kwanza kwa mpira mwembamba unaochomekwa kifuani. Na njia nzima mama awe mbele ya macho ya mwanawe, kwa sababu kila akilia kwa nguvu, hewa nyingine hupenya pale palipochanika.