Mgeni kijijini Japani: nyumba ni rahisi, ujirani ndio kazi

Takwimu za makazi za Japani za mwaka 2023 zinaonyesha nyumba tupu zipatazo milioni 9. Katika mikoa ya Wakayama na Tokushima, zaidi ya nyumba moja kati ya kila tano haina mtu. Sheria haimzuii mgeni kununua, na baadhi huuzwa kwa bei ya gari kuukuu. Tena wanaosifu maisha ya vijijini huko wana hoja nzito: usalama, hewa safi, na jirani anayekuachia figili mlangoni bila kubisha hodi.

Ila hati ya nyumba haimpi mtu kibali cha kuishi nchini. Kibali hutokana na kazi, ndoa, masomo au biashara, na kazi vijijini ni chache. Hilo mnunuzi akilijua mapema, litampunguzia machungu.

Jambo zito zaidi ni ujirani wenyewe. Ukihamia, unatarajiwa kuingia jichikai, chama cha wakazi: kuna ada, zamu ya kusafisha kituo cha taka, kufyeka majani barabarani, na kuzibua mifereji kabla ya mpunga kupandwa. Ni msaragambo hasa, na asiyetokea huonekana. Mwaka 2023 mji mdogo wa Ikeda, mkoani Fukui, uliwaonya wahamiaji wasilazimishe mambo ya mjini, na wajue kwamba watatazamwa. Wengi walikasirika. Lakini onyo lile liliwalenga hata Wajapani wanaotoka mijini, kwa hiyo si haki kuuita kila ugumu wa kijijini ubaguzi wa rangi.

Hapo nawaelewa wanakijiji. Mahali ambapo zaidi ya nusu ya wakazi wamevuka miaka 65, mfereji usipozibuliwa na aliyepo hautazibuliwa. Nisichokikubali ni wajibu usio na sauti: mgeni anashika jembe, kisha mkutanoni mambo yameshakubaliwa na wazee, kwa lahaja asiyoifuata.

Na kuna wageni wasiochagua chochote. Mpango wa mafunzo ya kazi ulioanza 1993 umepeleka vijana wengi wa Asia mashambani, wakiwemo wanaovuna saladi katika kijiji cha Kawakami, Nagano. Kwa kawaida hawakuruhusiwa kubadili mwajiri. Sheria ya 2024 inaufuta mpango huo na kulegeza kifungo hicho, hatua iliyochelewa mno. Kijiji kinachomlaumu mnunuzi wa nyumba kwa kutoshiriki, huku kikiwasahau vijana hawa wanaokivunia, kinajinyima wakazi ambao tayari kinao.

Kwa mwenye uhuru wa kuchagua, halmashauri nyingi hutoa nyumba za kujaribia maisha kwa muda mfupi. Aombe ya majira ya baridi, hasa katika mikoa ya Akita au Niigata, theluji inapolemea mapaa. Apande paani na koleo, aondoe theluji pamoja na majirani, ndipo azungumzie bei.