Kiroba sinywi, ila hili lilinitibua

Kiroba sijawahi kunywa. Harufu yake tu ilinitosha, saa moja asubuhi, nikiwa nyuma ya bodaboda na upepo unanirudishia usoni pumzi za dereva. Kwa hiyo Februari 2017, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza kwamba ikifika Machi 1 pombe ya vipakiti basi tena, nilishangilia. Mwaka uliotangulia ilikuwa zamu ya shisha, nako sikusema kitu. Sivuti.

Aliyenibadilisha ni mzee mmoja fundi viatu wa mtaani kwetu. Jioni akishakunja turubai lake, alikuwa ananunua kiroba kimoja, anang'ata ncha, anakimaliza kwa mikupuo miwili akiwa amekaa palepale kwenye kigoda, kisha kile kipakiti anakitia mfuko wa shati. Anaaga, anakwenda kulala. Kimoja, siku zote. Hakuwahi kumtukana mtu wala kukojoa ukutani kwa mtu.

Hotelini, mwendo wa dakika kumi kutoka kigodani pale, pombe kali ileile ilibaki ikimiminwa kwenye glasi yenye barafu na kipande cha ndimu. Haikupigwa marufuku pombe, jamani. Kilichopigwa marufuku ni kile kipimo ambacho fundi viatu alikimudu.

Najua mtakachoniambia: watoto wa shule walikuwa wanaficha viroba kwenye soksi, na mitaro ilijaa vipakiti. Ni kweli, niliviona. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilishakataza kumuuzia mtoto pombe. Mwenye duka aliyemuuzia mwanafunzi anajulikana mtaa mzima, na hata mjumbe anamjua. Kumfuata huyo ni kazi, inataka askari na ushahidi. Kumnyima mzee kiroba chake kunataka tangazo moja tu.

Na hatukuanza jana. Bibi yangu hucheka hadi machozi akisimulia alivyolificha wigi lake ndani ya debe la unga, enzi za Operesheni Vijana. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza mwaka 1968 kwamba kuanzia Januari 1969 mini, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kujichubua ni marufuku, kwa ajili ya kulinda utamaduni wetu. Wasichana walikamatwa na kuzomewa barabarani. Leo hata kwenye vikao vya harusi mawigi ni mengi kuliko viti, na utamaduni sijasikia umezikwa wapi.

Sisemi kila kitu ruksa. Dereva wa basi la mkoani apimwe ulevi kila kituo, sitalalamika. Anayevuta sigara ndani ya daladala ashushwe. Hao wanatugusa sisi wengine. Mzee wangu alikuwa anamgusa nani?

Juzi nilipita pale jioni. Siku hizi wanachanga watu wanne, wananunua kichupa kimoja, na kifuniko ndicho kipimo: kila mmoja vifuniko vitatu, kwa zamu, na fundi viatu ndiye mgawaji. Kinachobaki chini hawakitupi, wanarudia mzunguko. Zamani alikuwa anaondoka saa kumi na mbili. Nilipomuacha saa mbili ilikuwa imeshapita, na mtu alikuwa ametumwa dukani kuleta kingine.